Kovu Lisiloandikwa kwenye Kadi

Mwezi uliopita binti wa dada yangu alipimwa shingo ya kizazi akakutwa na mabadiliko ya awali, yale ambayo si saratani lakini yakiachwa yanaweza kufika huko. Daktari akamwambia kipande lazima kikatwe. Binti ana mchumba, mahari imeshalipwa nusu, na harusi ni baada ya mavuno. Jumapili iliyofuata ukoo ukakaa kikao, mwenyewe hayupo, na hoja iliyotawala ilikuwa moja: akikatwa huko hatazaa. Shangazi yake akatoa wazo ambalo wengi waliliona la busara, kwamba aolewe kwanza, azae wawili watatu, ndipo akakatwe. Katikati ya mjadala mmoja akakumbuka kwamba mama yake mdogo naye alikatwa zamani, na ana watoto. Nikapigiwa simu.

Kwenye simu ya kikao hakuna linaloelezeka. Kila mtu anaongea, na anayeshika simu anarudia maneno yako kwa namna anayotaka yeye. Nilisema tu binti akatibiwe na asingoje harusi. Maelezo yenyewe ni marefu, na si yote yatakayompendeza shangazi, wala si yote yatakayowapendeza madaktari.

Mimi nilipimwa mwaka 2012, nikiwa mwalimu Kilosa, nina miaka 27 na sijawahi kubeba mimba. Kituo cha afya kilitangaza upimaji wa bure. Chumba chenyewe kilitazamana na kliniki ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na mji ule ulikuwa mdogo. Aliyeonekana kwenye benchi lile alishahukumiwa kabla hajaitwa jina. Wenzangu wawili wa shuleni walifika mlangoni wakageuza. Mimi niliingia kwa ukaidi zaidi ya ujasiri.

Kipimo ni siki. Nesi anapaka siki kwenye shingo ya kizazi, anasubiri dakika moja hivi, kisha anamulika. Penye chembe zilizobadilika panakuwa peupe. Mimi palikuwa peupe. Kama doa lingekuwa dogo na la nje tu, angeligandisha pale pale kwa tiba mgando, nikarudi kufundisha kesho yake. Lakini langu lilikuwa limeingia ndani ya tundu la mlango wa kizazi, mahali ambapo kifaa cha kugandisha hakifiki. Akaniandikia rufaa kwenda Dar es Salaam.

Huko nilikatwa kwa waya wa umeme. Nakumbuka kibandiko cha baridi pajani cha kupitishia umeme, sindano za ganzi, mlio wa mashine, na harufu ya nyama inayoungua ambayo ilinichukua muda kutambua kuwa ni yangu. Kipande kilitiwa kwenye kichupa cha dawa, kikapelekwa maabara. Mashine ilipozimwa nikapewa maelekezo: nisikutane na mume mpaka kidonda kikauke, nisibebe ndoo, nikitoka damu nyingi au nikinuka nirudi. Maelekezo mazuri, na niliyafuata. Majibu yalirudi baada ya wiki nyingi yakisema mabadiliko yalikuwa makubwa na hayakuwa yamegeuka saratani. Habari ya mimba haikutajwa na yeyote, na mimi sikujua kwamba kuna la kuuliza.

Hapa ndipo ninapotaka kumjibu shangazi. Kungoja kumeshajaribiwa, na matokeo yake yanajulikana. Auckland, New Zealand, kuanzia miaka ya 1960, daktari Herbert Green aliamini kwamba mabadiliko ya awali kwa kawaida hayaendi popote, akawaacha baadhi ya wanawake wafuatiliwe tu bila kutibiwa ipasavyo. Habari ilipofichuka, jaji Silvia Cartwright aliongoza uchunguzi wa mwaka 1987 na 1988. Watafiti waliorudi kwenye mafaili ya wanawake wale walitoa hesabu yao mwaka 2008: kati ya wenye mabadiliko makubwa ambao hawakutibiwa ipasavyo, karibu watatu katika kila kumi walipata saratani ndani ya miaka 30. Ni kweli pia kwamba mabadiliko madogo kwa msichana mdogo mara nyingi hujifuta yenyewe, na daktari makini huyafuatilia bila kukimbilia waya. Ila ya binti yetu si madogo. Na anayeishi na virusi vya UKIMWI ana muda mfupi zaidi. Safari ambayo kwa wengine huchukua miaka 15 hadi 20, kwake inaweza kuchukua 5 hadi 10.

Kwa hiyo alikatwa mama mdogo, na saratani haikuja. Kilichokuja ni kingine.

Mimba yangu ya kwanza ilianza vizuri kuliko za wenzangu. Sikutapika, sikuvimba. Kliniki nilikwenda kila walivyoniambia, na kadi yangu ilijazwa vizuri: je, una umri chini ya miaka 20, una kimo chini ya sentimita 150, ulishawahi kuzaa kwa upasuaji, mimba zilishaharibika mara mbili au zaidi, una kisukari, moyo, kifua kikuu? Hapana, hapana, hapana. Kwa mujibu wa kadi nilikuwa mjamzito asiye na kidokezo cha hatari hata kimoja. Mahali pa kuandika kwamba mlango wa kizazi ulishapunguzwa hapakuwepo, wala nesi hakuwa na sababu ya kuuliza nje ya karatasi iliyokuwa mbele yake.

Mwezi wa tano nilianza kusikia uzito chini, kama hedhi inayotaka kuja. Mgongo uliuma kidogo. Nilikuwa nasahihisha mitihani na nikaona ni kukaa sana. Jioni nikaona ute wenye rangi ya waridi. Hakukuwa na uchungu, na hilo ndilo lililotudanganya sote, mimi na mume wangu na hata nesi wa zamu, ambaye alisema nilale nipumzike mpaka asubuhi. Alipokuja daktari akaniangalia, chupa ya maji ya uzazi ilikuwa imeshashuka hadi ukeni na mlango uko wazi. Mtoto alitoka usiku ule. Alikuwa wa kiume. Sitaandika zaidi kuhusu hilo.

Waliokuja kunipa pole walileta na sababu. Mmoja alisema ni chango, na kwamba kuna mizizi kwao Turiani. Mwingine alisema ni pikipiki, kwa kuwa nilikuwa napanda bodaboda kwenda shule. Jirani mmoja alimwambia mume wangu pembeni kwamba mwanamke aliyepimwa pale penye kliniki ya ARV hawezi kukosa jambo. Nilichojifunza siku zile ni kwamba pasipo na maelezo ya daktari, maelezo hayakosekani. Yanaingia ya kila aina, na mengi yanamwangukia mwanamke.

Aliyenieleza ni daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake, mama wa makamo, niliyepelekwa kwake na dada yangu miezi kadhaa baadaye. Aliuliza swali moja ambalo halikuwa kwenye kadi: "Mama, ulishawahi kufanyiwa chochote kwenye mlango wa kizazi?" Nikamwambia. Akageuza fomu ya maabara, akachora nyuma yake mfuko wa uzazi umekaa kichwa chini, na shingo yake. Shingo ile, alisema, ina urefu wa sentimita tatu hadi nne. Kazi yake wakati wa mimba ni kubaki imefunga huku mzigo unazidi juu yake. Ukikata milimita chache hakiharibiki kikubwa. Ukikata sentimita moja na nusu au mbili, umebakiza mlango mfupi ambao unaweza kuachia kabla ya wakati bila uchungu wowote. "Walikata kiasi gani?" akauliza.

Sikujua. Nilirudi hospitali niliyokatiwa kuuliza. Mtunza mafaili alihangaika nami karibu siku nzima, mtu mwungwana, mpaka tukapata daftari la chumba kile. Mstari wangu ulikuwapo: tarehe, namba, umri, halafu neno moja, LEEP, yaani ule ukataji wa waya wa umeme. Kina cha kipande hakikuandikwa. Juu na chini ya mstari wangu kulikuwa na wanawake wengine ukurasa mzima, nao wote wameandikiwa neno hilo moja.

Kina ndicho kila kitu, na baadaye niliona hesabu yake. Mwaka 2016 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilichapisha uchambuzi wa Maria Kyrgiou na wenzake, waliojumlisha tafiti nyingi zilizofanywa hadi wakati huo. Kati ya wanawake waliotibiwa, asilimia 10.7 walijifungua kabla ya wiki 37. Kati ya wasiotibiwa, asilimia 5.4. Waliokatwa kina cha milimita 10 hadi 12 au pungufu, hatari yao ilipanda mara moja na nusu. Waliokatwa milimita 20 au zaidi, karibu mara tano. Tiba za kuunguza au kugandisha bila kukata zilikuwa na hatari ndogo kuliko kukata. Na kuna jambo moja ambalo nisingependa lipite: hata wanawake wenye mabadiliko ambao hawakutibiwa walikuwa na hatari kubwa kidogo kuliko wanawake wengine, kwa hiyo si kwa kila njiti, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, waya ndio wa kulaumiwa. Ukoo wetu ungesoma hesabu hizi ungeona pia upande wake wa pili. Karibu tisa katika kila kumi ya waliotibiwa walifikisha mimba zao.

Mimba ya pili ilisimamiwa na daktari yule yule. Ilipofika wiki ya 13, ultrasaundi ikaonyesha moyo unadunda, wakanishona. Ufundi huu una umri wa kutosha kuwa bibi: V. N. Shirodkar wa Bombay aliueleza mwaka 1955, akitumia ukanda wa utando wa paja la mgonjwa mwenyewe, na mwaka 1957 Ian McDonald wa Australia akaleta njia nyepesi zaidi, ambayo ndiyo niliyofanyiwa mimi. Sindano ya ganzi mgongoni, halafu uzi mnene unazungushwa kuuzunguka mlango na kukazwa, kama unavyokaza mdomo wa gunia la mkaa. Haikuchukua muda. Mama mkwe alipoambiwa nimeshonwa alidhani ni chini kabisa, akauliza haja ndogo itapita wapi.

Halafu daktari akafanya jambo ambalo nadhani lilikuwa na uzito sawa na uzi wenyewe. Alichukua kadi yangu ya kliniki, na kwa kalamu nyekundu akaandika juu ya jalada, kwa herufi kubwa: AMESHONWA MLANGO WA KIZAZI. UZI UTOLEWE WIKI YA 37 AU UCHUNGU UKIANZA. Akanieleza kwa nini. Uchungu ukija wakati uzi bado umo, mfuko wa uzazi unasukuma dhidi ya kamba, na kinachochanika si kamba. Mimi nilikuwa ninaishi Kilosa, yeye yuko Dar, na ubovu wa barabara ya Dumila enzi zile tuliujua. Yeyote ambaye angenipokea njiani usiku angetakiwa ajue jambo hilo kabla ya kujua hata jina langu. Kadi ile niliipeleka kila mahali, hata msibani.

Uzi ulitolewa wiki ya 37, bila ganzi, kwa mkasi na uvumilivu. Nilidhani mtoto angedondoka pale pale mlangoni. Alikaa tumboni siku kadhaa zaidi, kisha akazaliwa bila vituko, msichana. Kwa hiyo sitasimulia uchungu wangu. Nitasimulia wa mwenzangu wa kitanda cha pili, kwa sababu ndiye aliyenifundisha nusu nyingine ya habari hii.

Alikuwa ameingia leba kabla yangu. Uchungu wake ulikuwa wa kweli, mtu yeyote mwenye masikio angesema hivyo, lakini kila alipopimwa jibu lilikuwa lile lile: sentimita mbili. Na mbili ilikuwa haihesabiki. Patografu iliyotumika wakati ule, ile chati ya kufuatilia maendeleo ya leba, ilianzia sentimita nne. Kabla ya hapo mwanamke yuko kwenye leba changa, hachorwi mstari, na hakuna mstari wa tahadhari atakaoukiuka. Mwongozo mpya wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 umesogeza hata zaidi, leba kamili inaanza kuhesabiwa sentimita tano. Kwa wanawake wengi ni mabadiliko mema, maana yanapunguza haraka ya visu. Lakini mwenzangu alikuwa katika uchungu usiokuwapo kwenye karatasi. "Bado, mama, nenda katembee." Akatembea. Akarudi, mbili. Mmoja wa wauguzi akasema anadeka.

Zamu ya usiku ilileta mkunga mzee, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alivaa glavu, akapima, na badala ya kutaja namba akanyamaza akiwa na vidole bado mle. Akasema polepole, kama anajisomea, kwamba mlango umelainika wote na umekuwa mwembamba kama karatasi, ila katikati una pete ngumu. "Mama, ulishawahi kukatwa au kuchomwa huku?" Mwenzangu akatazama mlangoni kwanza. Wifi yake alikuwa amesimama nje na chupa ya uji. Kisha akasema ndiyo, kwa sauti ambayo niliisikia kwa sababu tu vitanda vyetu vilikaribiana. Upande wa mume walikuwa hawajui. Aliogopa waseme walimwozesha mwana wao mwanamke mgonjwa.

Daktari aliitwa. Aliithibitisha pete ile, na uchungu uliofuata ulipokuja aliipanua kwa kidole taratibu mpaka kovu likaachia. Yule mama alipiga ukelele ambao sijausahau. Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi iliyomshangaza kila mtu: kutoka mbili, muda si mrefu, saba, na kabla hakujapambazuka mtoto amelia. Alichanika kidogo, akashonwa, akatoka damu ya kutisha lakini ikadhibitiwa. Kovu lisingeachia angepelekwa chumba cha upasuaji. Na kama mkunga yule angekuwa likizo, wangeweza kuendelea kumwongezea dripu ya uchungu dhidi ya mlango usiofunguka, jambo ambalo sitaki kulifikiria.

Sisi wawili tulikatwa mahali pamoja kwa ugonjwa mmoja. Mimi mlango wangu uliachia mapema, wake ukakataa kuachia. Na wote wawili tulifika kwa wakunga bila neno hata moja la kuwaambia walichokuwa wanakabiliana nacho. Mimi mara ya kwanza kwa sababu sikujua, yeye kwa sababu alijua na akaogopa.

Wanawake kama sisi wataongezeka, na ni habari njema kwamba tutaongezeka. Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake Tanzania, wagonjwa wapya wakikadiriwa kufika 10,000 hivi kwa mwaka. Chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani hii, ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Lakini waliokwisha kuvuka umri huo wanategemea upimaji. Lengo la Shirika la Afya Duniani ni kwamba kufikia mwaka 2030 asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa, na asilimia 90 ya wanaokutwa na tatizo wawe wametibiwa. Wengi watatibiwa kwa vifaa vya mkononi vya kuunguza kwa joto, ambavyo havikati nyama, na hao hawana la kuogopa sana. Waliobaki watapita kwenye waya, na baadhi yao bado hawajazaa.

Binti wa dada yangu nilimpa maswali ya kwenda nayo: watakata kina gani, kitaandikwa wapi, kama kingo za kipande zitakuwa safi, na akipata mimba aseme nini siku ya kwanza ya kliniki. Daktari wake, naambiwa, hakukasirika. Alimwambia atajitahidi asizidi milimita 10, na akamwahidi nakala ya ripoti. Akipata mimba atapimwa urefu wa mlango kwa ultrasaundi kuanzia mwezi wa nne. Ukishuka chini ya milimita 25 kabla ya wiki 24, kuna dawa ya projesteroni na kuna uzi.

Maswali hayo hayo niliyapeleka kwa nesi mmoja anayeendesha kampeni za upimaji katika mkoa wetu, nikimwomba yawe sehemu ya maelezo ya kila mwanamke anayepewa rufaa ya kukatwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba kazi yake kubwa ni kuwashawishi waingie chumbani, kwamba uvumi wa kufungwa uzazi tayari unampokonya nusu ya foleni, na kwamba mwanamke akisikia neno njiti kabla ya waya atachukua kanga yake aondoke, arudi miaka sita baadaye akiwa na saratani inayonuka. Nilimwambia kwamba uvumi unaishi palepale tunaponyamaza, na kwamba mwanamke aliyepoteza mimba bila kuelezwa anarudi kijijini kuwa tangazo baya kuliko maneno yoyote ya nesi. Hakushawishika. Alisema nikae naye siku moja nzima ya kampeni, niwe mimi ninayeongea nao mlangoni, halafu jioni tuhesabu wangapi wamebaki. Nimekubali. Kampeni ya kwanza baada ya mvua itakuwa Gairo, siku ya mnada.